Kumbukumbu za Mvunja Fedha wa Mpakani

Watu wengi hudhani ya kuwa riba ni shughuli ya mabenki na wakopaji peke yao, na ya kuwa mtu asiyekopa wala kukopesha huweza kuishi umri wake wote salama na shari yake, kama vile mkaa bara awezavyo kuishi bila ya kujali maji kupwa na kujaa. Mimi ni Mwislamu, mwana wa Mwislamu, nami sikupata kula riba wala kuilisha; hata hivyo, kwa miaka yote niliyokaa Busia nikivunja fedha za Kenya kwa za Uganda na za Uganda kwa za Kenya, hapana jambo lililoniamulia bei ya bidhaa yangu kila kulipokucha kuliko riba hiyo hiyo niliyoiepuka, hata nikalazimika kuijua tabia yake kuliko wanavyoijua wengi wa wale wailao kila mwezi. Ndiyo sababu vijana wanaponijia kuniuliza wanunue hisa au dhahabu, au waweke fedha zao katika hati za mkopo za serikali, mimi huanza na swali ambalo wao huliona halihusiani na walilouliza: serikali inakopa kwa asilimia ngapi wiki hii?

Yafaa kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wasioijua huidhania kuwa ni ya ujanja. Kila asubuhi mimi hutazama dola moja inauzwaje Nairobi na inauzwaje Kampala, nikaigawa bei ya Kampala kwa bei ya Nairobi, na jawabu lipatikanalo ndiyo thamani ya shilingi moja ya Kenya kwa shilingi za Uganda kabla ya tamaa ya mtu yeyote kuongezwa au kupunguzwa. Baada ya hapo huja majira. Mavuno ya mahindi ya Uganda yanapoingia sokoni, katikati ya mwaka na tena kuelekea mwisho wake, wanunuzi wa Kenya humiminika wakitafuta shilingi za Uganda, nazo hupanda kidogo. Mwezi wa Januari, ada za shule zinapodaiwa pande zote mbili, kila mtu huuza na hakuna anunuaye. Busia ni mji wa wanawake wenye biashara ndogo ndogo, wavushao omena na samaki wa Sio Port na Port Victoria na kurudi na maharagwe, mayai na ndizi. Malaba, ulio mwendo wa saa moja au chini yake upande wa kaskazini, ni mji wa matrela na wa gari la moshi, kwa kuwa reli ipitayo Eldoret na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, na dereva wa trela ahitajiye fedha za safari hana subira ya kujadiliana bei kama aliyo nayo muuza mayai. Faida yangu kwa shilingi mia ni senti. Sheria ya dini yetu katika kazi hii ni moja tu, nayo ni kwamba fedha mbili tofauti zibadilishwe mkono kwa mkono, pasi na ahadi wala kucheleweshana, na nimeona kwa macho yangu ya kuwa sheria hiyo, mbali na thawabu yake, imewaokoa wavunja fedha wengi na hasara, maana bei ya asubuhi mara nyingi si bei ya alasiri.

Marehemu babu yangu alitoka Mombasa akaifuata reli mpaka Kisumu, na hadithi aliyopenda kumsimulia baba, naye baba akanisimulia mimi, ni ile ya rupia. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza rupia ya fedha iliyotumika pwani na bara ilihesabiwa kuwa shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Vita vilipokwisha, madini ya fedha yakapanda bei ulimwenguni, na rupia ikapanda pamoja nayo. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ikaifunga rupia kwenye shilingi mbili, kisha ikaigeuza kuwa florini, na baada ya muda mfupi ikaiondoa florini na kuleta shilingi ya Afrika Mashariki, iliyokuwa nusu yake. Masetla waliokuwa wameuza mazao yao London kwa pauni, ilhali madeni yao yaliandikwa kwa rupia, walijikuta deni lile lile limezidi kwa nusu bila ya wao kukopa senti moja zaidi. Babu hakuwa setla wala hakuwa na pauni. Alikuwa na duka dogo la nguo. Lakini aliyoyaona yalimfunza kuuliza, kila alipopewa mali kwa mkopo, deni hilo litalipwa kwa fedha gani na fedha hiyo ni nani aipangaye thamani yake, na swali hilo ndilo urithi alioniachia, kwani nyumba haikuwako.

Nilikuwa mtoto wakati wa kahawa. Baridi kali iliyoanguka Brazil mwezi wa Julai 1975 iliunguza mibuni huko, na katika miaka miwili iliyofuata bei ya kahawa duniani ikapanda kuliko watu walivyopata kuiona. Na Uganda, nchi yenye kahawa tele, ilikuwa chini ya utawala wa Idi Amin, ambao uliwalipa wakulima kwa noti zisizonunua kitu kwa kuwa madukani hamkuwa na kitu. Basi kahawa ikavuka. Ilivuka usiku kwa punda, kwa baiskeli na kwa vichwa vya watu, kupitia njia za mlimani mpaka soko la Chepkube katika wilaya ya Bungoma, na kupitia mito na vichaka vya huku kwetu, na watu ambao jana walikuwa wakiomba chumvi kwa mkopo walionekana wakinunua magari. Magendo yale yametukanwa sana, na ni haki yatukanwe, lakini mimi nikiwa mtoto wa dukani niliona jambo jingine ndani yake: mwenye kahawa hakutaka shilingi ya Uganda hata kidogo, na ile ya Kenya aliitaka kwa muda wa kutembea tu kutoka mizani mpaka dukani, akaigeuze blanketi, sabuni na sukari. Noti ni ahadi ya serikali, na mkulima yule, ambaye hakusoma hata darasa moja, alikuwa amekwisha kuipima ahadi hiyo na kuikuta haifiki uzani.

Kilichofuata baada ya miaka kumi kilikuwa kikali zaidi. Mwezi wa Mei 1987 serikali mpya ya Uganda ilitoa shilingi mpya moja kwa mia za zamani, na juu ya hayo ikakata asilimia 30 ya kila fedha iliyobadilishwa. Soko letu la Busia lilijaa noti za zamani, kwa sababu wenye maduka upande wa Kenya walizipokea kila siku, na mzee mmoja wa Kimarachi aliyekuwa akiuza vyombo vya alumini, jirani ya duka la baba, alikuwa na magunia mawili ya noti hizo nyumbani, ambayo aliyaweka kwa kuwa aliona aibu kuyauza kwa bei ya chini. Baba hakuwa na nyingi, maana desturi yake ilikuwa kuzigeuza fedha za Uganda kuwa vitenge kabla ya magharibi. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo askari wa nchi mbili wakarushiana risasi hapa mpakani na njia ikafungwa, na mzee yule, ambaye sasa hakuwa na fedha wala wateja, alirudi kwao Butula kulima.

Nimetaja kahawa na noti kwanza kwa makusudi, ili msomaji asidhani ya kuwa ninapoanza kusema habari za dhahabu nasema kitu kilichoepukana na serikali. Wapo waiaminio dhahabu kana kwamba imeshuka mbinguni. Rafiki mmoja wa baba, mwenye lori la kubeba pamba, alisikia mwishoni mwa mwaka 1979 ya kuwa dhahabu inapanda kila siku, akauza lori lake akaenda kwa sonara wa Kisumu akanunua bangili na vipande. Ilipofika Januari 1980 wakia moja ilikuwa imefika dola 850, na rafiki huyo alikuwa akitembea Busia kama liwali. Kisha Marekani, ikitaka kuuvunja mfumuko wa bei, ikapandisha riba yake mpaka karibu asilimia 20, na mwenye dola akaona afadhali aiweke benki ilipwe kuliko anunue madini yasiyozaa; dhahabu ikaporomoka, na katika mwaka 1982 ilikuwa imekwisha kugusa dola 300. Bei ile ya 850 haikuonekana tena hadi Januari 2008, yaani baada ya miaka ishirini na minane, ambayo ndani yake lori lingaliweza kuleta malori mengine. Dhahabu haikupungua uzani wala haikuota kutu. Kilichobadilika ni malipo ambayo mtu mwingine, katika nchi nyingine, alikuwa tayari kuyatoa kwa mwenye kungoja.

Nayo dhahabu ina gharama ambayo wauzaji wake hawaitaji. Kwa madhehebu yetu ya Shafi vipambo avaavyo mwanamke kwa kiasi cha desturi havitolewi zaka, lakini vipande vilivyowekwa sandukuni vikifika nisabu, ambayo ni gramu 85 hivi, hutolewa robo ya ushuri kila mwaka. Basi mwenye kuiweka dhahabu kama hazina hupungukiwa na mbili na nusu katika kila mia, na juu yake kuna khofu ya wezi. Sisemi haya ili kuitia ila. Nasema ili mwenye kuinunua ajue ananunua nini. Ni bima, na bima hulipiwa.

Mwaka 1993 ndio ulionifundisha kwamba dhahabu, riba na noti vyaweza kukutana katika balaa moja. Kuanzia mwaka 1990 kampuni ya Goldenberg ilikuwa ikilipwa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi zilizosemekana kuuzwa nje ya Kenya, nchi ambayo haina almasi ya kutajwa, na ambayo dhahabu yake ya Kakamega, iliyowakimbiza Wazungu kutoka kila pembe mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilikuwa imepungua hata mgodi wa Rosterman ukafungwa mwaka 1952. Tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire ilitoa taarifa yake juu ya jambo hilo mwaka 2006, na anayetaka kujua nani alifanya nini aisome. Mimi nilikuwa mbali na wakubwa, na nilichokiona ni matokeo yake tu. Fedha nyingi zilikuwa zimechapishwa, pamoja na zile za uchaguzi wa 1992. Bei zikapanda, shilingi ikaanguka, na Benki Kuu, ikitaka kuzirudisha noti zile kutoka mikononi mwa watu, ikauza hati za serikali za siku 91 kwa riba iliyopita asilimia 70.

Asilimia sabini! Wenye maduka katika Busia na Malaba waliacha kununua bidhaa, wakafunga milango, wakapeleka rasilimali yao Nairobi ikalale katika hati za serikali, na hapakuwa na haja ya kuuza sukari wala ya kugombana na mteja. Baba, ambaye hakuweza kufanya hivyo kwa ajili ya imani yake, alibaki na duka lake akitazama wenziwe wakitajirika wamekaa, na kuna walioicheka dini yake mbele yake. Yeye alikuwa na jibu moja: serikali yenye kutoa sabini kwa mia haikopi kwa sababu ni tajiri. Nimelikumbuka neno hilo kila nilipoona riba ikipanda, kwa sababu watu wengi huitazama riba kubwa kama baraka ya mkopeshaji, wakasahau ya kuwa ni kipimo cha dhiki ya mkopaji, na ya kuwa mkopaji huyo huyo ndiye mwenye mtambo wa kuchapa kitu atakacholipia. Walioweka walilipwa, tena kwa ukamilifu. Lakini walilipwa shilingi ambazo, walipozileta kwetu kuzivunja, hazikununua tena walichokuwa wakikinunua. Wengine walipata faida hata hivyo. Wa kuonewa huruma hawakuwa wao, ila wale waliokuwa na deni benki wakati huo, kwani mkopo wao ulipanda pamoja na hati za serikali, na mashamba kadhaa ya Nambale na Matayos yalipigwa mnada.

Kuhusu hisa niseme kidogo, kwa kuwa hisa zilichelewa kufika kwetu. Soko la hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954, lakini kwa mtu wa Busia lilikuwa jambo la magazeti mpaka mwaka 2006, kampuni ya umeme ya KenGen ilipouza hisa zake kwa shilingi 11 na senti 90, na siku ya kwanza ya kuuzwa sokoni zikafika 40. Habari hiyo ilienea kutoka Amagoro mpaka Funyula kwa upesi kuliko habari ya msiba. Basi ilipokuja zamu ya kampuni ya simu ya Safaricom, katika Machi na Aprili 2008, miezi michache tu baada ya machafuko ya uchaguzi yaliyokuwa yamesimamisha matrela Malaba na kuikosesha Uganda mafuta, hapakuwa na mtu asiyetaka. Hisa ilikuwa shilingi 5. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alichukua mkopo benki, akaweka rahani hati ya shamba lake, akaomba hisa kwa fedha zote alizopewa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, na wanunuzi wadogo wa humu nchini wakagawiwa asilimia 21 tu ya walizoomba. Fedha zilizobaki zilichukua wiki kurejeshwa, na katika wiki hizo riba ya benki haikulala. Hisa zilianza vizuri mwezi wa Juni, kisha zikateremka chini ya bei ya kununulia, na mwaka uliofuata mwalimu akaziuza kwa hasara ili amalize mkopo.

Na hapo ndipo penye mafunzo, maana kampuni haikuwa mbaya. Aliyenunua kwa fedha yake mwenyewe na kutulia aliona, baada ya miaka, hisa ile ikiwa mara kadhaa ya bei yake, na gawio kila mwaka. Mwezi wa Desemba 2025 serikali ilikubaliana na kampuni ya Vodacom kuiuzia asilimia 15 ya kampuni kwa shilingi 34 kila hisa. Mwalimu na yule aliyetulia walinunua kitu kimoja, siku moja, kwa bei moja. Kilichowatenga ni riba. Hisa haina siku ya kulipa na mkopo una siku yake, na mtu anunuaye kisicho na tarehe kwa fedha yenye tarehe amekwisha kumpa mtu mwingine uwezo wa kumwamulia siku ya kuuza. Kadhalika sipendi msomaji adhani subira inatosha. Wapo watu wa huku, hasa wakulima wa miwa, walionunua hisa za kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoingia sokoni mwaka 2001, wakatulia kwa subira isiyo na kifani, na kampuni ikawekwa chini ya mrasimu mwezi wa Septemba 2019. Subira juu ya kampuni inayokufa ni kukesha maiti.

Kuna waliodhani sheria ingeweza kuifunga riba kamba. Mwezi wa Septemba 2016 Kenya ilizikataza benki kukopesha kwa zaidi ya asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, na mpakani tulishangilia, hata mimi ambaye mambo hayo hayakunihusu. Lakini benki, zikiona ya kuwa mama muuza omena na waziri wa fedha sasa watalipa karibu sawa, zikamchagua waziri. Wanawake wa Busia waliokwenda kuomba mkopo wa mtaji waliambiwa warudi kesho, na kesho haikuja, wakarudi kwenye vyama vyao vya kuchanga na kwa wakopeshaji wa simu, ambao riba yao ya mwezi mmoja ilishinda ya benki ya miezi mingi. Sheria hiyo iliondolewa Novemba 2019. Sidai kwamba benki zina haki ya kutoza zipendavyo; nasema tu ya kuwa bei ikizuiwa mlangoni hutafuta dirisha, jambo ambalo mtu wa mpakani alipaswa kulijua kabla ya mtu wa bungeni.

Sasa huja vijana na dhahabu. Upande wa pili wa mpaka, katika wilaya ya Busia ya Uganda, huko Tiira na vijiji vilivyo karibu, watu huchimba kwa mikono, wakasaga mawe na kuyaosha kwa zebaki, na siku hizi imekuja pia kampuni kubwa yenye mitambo. Punje hizo hupita mikono mingi. Mwaka jana alinijia kijana mwenye karatasi iliyokunjwa, akaketi kwa adabu akasema, "Hajji, nimekuletea wewe kwanza kabla sijakwenda kwa mwingine."

"Mwanangu, una leseni ya kuuza?"

"Hajji nawe, hii ni gramu chache tu."

"Sheria ya Madini ya mwaka 2016 haikusema chache wala nyingi. Irudishe kwa aliye na leseni, naye apime kwa tindikali mbele yako."

Alicheka, akaniuliza kama ni kweli bei ya dunia imepita dola 4,000 kwa wakia, maana ndiyo bei aliyoisikia. Nilimwambia ni kweli, ilipita mwezi wa Oktoba 2025 kwa mara ya kwanza, na fedha nyeupe nayo ikapita 50, lakini bei ya dunia ni ya dhahabu iliyosafishwa, iliyopigwa muhuri na kuwekwa katika hazina inayojulikana, ilhali yake ina zebaki, ina mchanga, na haina cheti cha kuzaliwa. Baina ya bei ya dunia na bei ya karatasi iliyokunjwa kuna masafa ambayo ndiyo maisha ya walanguzi wote, na wengi wanaopoteza fedha zao Malaba na Busia kwa kununua vumbi la shaba hupotea ndani ya masafa hayo, wakidhani wamepata rahisi.

Kijana yule aliniuliza pia ninavyouona mwaka ujao, na nilimjibu kwa kumkumbusha Januari 2024. Marekani ilikuwa imepandisha riba yake kutoka karibu sifuri mwanzoni mwa mwaka 2022 mpaka zaidi ya asilimia 5, na dola za dunia nzima zilikuwa zimekimbilia kwao. Kenya nayo ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la kulipa mwezi wa Juni, na hakuna aliyejua litalipwa na nini. Dola ikafika shilingi 160 Nairobi, ikiwa 3,800 Kampala, na shilingi ya Kenya, ambayo mwaka 2015 ilikuwa imewahi kununua zaidi ya 30 za Uganda, ikanunua chini ya 24. Wanawake wa soko walilia. Mwezi wa Februari serikali ikakopa dola bilioni 1 na nusu mpya kwa riba nzito ili ilipe zile za zamani, ikauza na hati za miundombinu kwa asilimia 18.46 bila kodi, na Benki Kuu ikapandisha kiwango chake kuwa 13. Kabla ya katikati ya mwaka dola ilikuwa 130 au chini yake, na shilingi yetu ikanunua zaidi ya 28 za Uganda. Waliokuwa wameficha dola kwenye magodoro walizileta kwangu kwa hasira. Hakuna shamba lililozaa zaidi wala kiwanda kilichofunguliwa katika miezi hiyo mitatu. Riba peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Tangu hapo upepo umegeuka. Benki Kuu imeshusha kiwango chake hatua kwa hatua mpaka asilimia 9 mwezi wa Desemba 2025, na Marekani nayo imeshusha chake. Mwenye hati za zamani za 18 anazishika kwa mikono miwili, na hisa za Nairobi, ambazo hapakuwa na aliyezitaka wakati serikali ikitoa kumi na nane, zimepanda sana. Dhahabu imepanda hata kabla ya riba kushuka, kwa sababu benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka katika 2022, 2023 na 2024, zikitaka hazina ambayo serikali nyingine haiwezi kuizuia, na hilo ni jambo ambalo rafiki wa baba mwenye lori hakuwa nalo upande wake mwaka 1980. Kwa mtu asiyetaka riba, kama mimi, njia zimeongezeka kidogo: tuna benki za Kiislamu tangu 2008, na mwaka 2023 sukuki ya kwanza ya Kenya, yaani hati isiyo na riba, ile ya kampuni ya Linzi ya shilingi bilioni 3, iliingia katika soko la Nairobi.

Yangu mimi ni haya, na kila mtu ayapime kwa mzigo wake. Serikali ya Kenya ina madeni mengi ya kulipa katika miaka ijayo, basi siamini ya kuwa riba itakaa chini kwa muda mrefu, na mwenye kutaka kukopa kwa ajili ya ng'ombe au mashine ya kusaga akope sasa, kwa riba isiyobadilika ikiwa atapewa, wala asikope kwa ajili ya hisa. Hisa nilizo nazo, za kampuni chache ambazo haramu haikuitawala biashara yake, nazibakiza. Shilingi za Uganda sizilazi zaidi ya usiku mmoja, wala za Kenya silazi zaidi ya ninazohitaji kesho. Na dhahabu, ikiwa juu ya dola 4,000, siiongezi hata gramu moja. Iliyopo ni ya mke wangu, naye haiuzi.